Namna ya Kusoma Jina la Gari na Kuipima Injini Yake Kabla ya Kulipandisha Kitonga

Watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaonunua magari yaliyotumika hukutana nayo kwa mara ya kwanza mahali pasipofaa kuyapimia, yaani Dar es Salaam, katika yadi iliyo mita chache tu juu ya usawa wa bahari na mbele ya barabara isiyo na mlima. Gari likikanyagwa pale huchomoka vizuri, dalali huonyesha nambari iliyobandikwa kwenye buti kuwa ndiyo ushahidi wa nguvu zake, na bei hukubaliwa. Siku mbili baadaye mnunuzi amekwisha kupita Ruaha Mbuyuni, anaanza kupanda Kitonga akiwa na abiria wanne na mizigo, na gari lile lile linaanza kuhema nyuma ya malori. Halijaharibika. Mnunuzi ameamini nambari isiyosema anachodhani inasema, na amelipima gari kwenye hewa ambayo hatakuwa nayo tena akifika nyumbani.

Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili, kwa kuwa kwetu huku hayatenganiki. La kwanza ni kujua injini iliyomo ndani ya gari bila kutegemea jina lake. La pili ni kuamua kama injini hiyo, hasa zile ndogo zenye turbo ambazo siku hizi zimechukua nafasi ya injini kubwa katika magari ya nguvu, inafaa kwa mtu anayeishi mita 1,700 juu ya bahari na kupanda mlima kila siku.

Jina lilivyoachana na injini

Zamani nambari ya gari la Kijerumani ilisomeka kama kipimo cha dukani. BMW 318i lilikuwa gari la mfululizo wa 3 lenye injini ya lita 1.8, na aliyesoma namba mbili za mwisho alikuwa amemaliza kazi. Utaratibu huo ulianza kulegea mapema kuliko watu wanavyodhani. 318i ya umbo la E46 (herufi na namba ambazo kiwanda hukiita kizazi cha gari) ilianza na injini ya lita 1.9, na kuanzia 2001 ikapewa ya lita 2.0, 320i ya umbo hilo hilo ikawa na silinda sita na lita 2.2, na 318i ya umbo la F30, baada ya maboresho ya 2015, ikawa na silinda tatu, turbo, na cc 1,499 tu. Jina halikubadilika hata herufi moja. Mtu anayesema anauza 318i, kwa hiyo, hajakuambia chochote kuhusu injini mpaka akuambie pia umbo na mwaka.

Mercedes-Benz nao wana mtego wao, nao unawahusu watu wengi zaidi kwa sababu magari yao ya daraja la C yaliyotoka Japani yamejaa katika barabara zetu. C180 Kompressor na C200 Kompressor za miaka ya mwanzo ya umbo la W204 zote mbili zina injini ya cc 1,796. Tofauti yake ni namna kampuni ilivyoipangia nguvu injini ile ile. Anayelipa zaidi akidhani ananunua lita 2.0 badala ya lita 1.8 anakosea, ingawa ni kweli kwamba C200 ina nguvu zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni C63. Nambari 63 ilichukuliwa kwa heshima ya injini ya lita 6.3 iliyokuwa katika gari la 300 SEL 6.3 la 1968. C63 ya umbo la W204 ilikuja na silinda nane za umbo la V na cc 6,208, yaani hata hiyo haikufika 6.3. Umbo lililofuata, W205, likapunguziwa hadi lita 4.0, likabaki na silinda nane lakini likapewa turbo mbili. Kisha mwaka 2022 ikatambulishwa C63 S E Performance ya silinda nne na lita 2.0, yenye turbo inayosaidiwa na umeme pamoja na mota ya umeme kwenye ekseli ya nyuma. Jumla ya nguvu zake ni farasi 680, ilhali C63 ya kwanza ilikuwa na farasi 457. Ukubwa wa injini umeshuka hadi chini ya theluthi moja, nguvu zimepanda karibu kwa nusu, na jina limebaki 63. Uzito nao umepita kilo 2,100, jambo ambalo nambari ya kwenye buti haitalisema kamwe, nami naliona kuwa muhimu kuliko farasi zote hizo kwa mtu atakayeteremka milima akitegemea breki.

Audi walichukua njia nyingine mwaka 2017 kwa kuanza kutumia nambari kama 30, 35, 40, 45 na 55, ambazo hazihusu lita hata kidogo. Kila nambari ni kundi la nguvu, kwa mfano 45 ilitengewa magari ya kilowati 169 hadi 185, na ndani ya kundi moja huweza kuwamo injini zisizofanana. Kwa Porsche hata neno Turbo limekwisha kutengana na turbo yenyewe. Tangu mwisho wa 2015 magari ya kawaida ya 911 Carrera yana turbo mbili lakini hayaitwi Turbo, na Taycan Turbo ya 2019 ni gari la umeme lisilo na turbo kabisa.

Tukirudi kwa Toyota, ambayo ndiyo gari la wengi huku, tunakuta uaminifu na upotoshaji vikikaa katika nyumba moja. Mark X ni ya kuaminika: 250G ina lita 2.5, 300G ya umbo la kwanza ina lita 3.0, na 350S ya umbo la pili ina lita 3.5. Harrier 240G nayo ina cc 2,362, ile ambayo watu wetu huiita cc 2360. Lakini anayehamisha kanuni hiyo kwenda kwa Land Cruiser atapotea. Nambari 70, 80, 100, 200 na 300 ni majina ya vizazi. Land Cruiser 300 ya dizeli ina lita 3.3, na Land Cruiser 250, ambayo ndiyo Prado mpya, ina dizeli ya lita 2.8. Kwa ndugu yake Lexus jina limekwenda mbali zaidi: LX 570 ilikuwa na lita 5.7 za kweli, ilhali LX 600 iliyoirithi ina silinda sita, turbo mbili na cc 3,444. Nambari imepanda, injini imepungua kwa zaidi ya lita mbili.

Mdogo wangu alijifunza jambo hili kwa fedha zake mwenyewe. Aliitaka Altezza ya RS200, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba injini yake ya silinda nne inatoa farasi 210 katika gari la gia za mkono. Akauziwa Altezza nzuri, safi, yenye nembo ya RS200 nyuma. Tulipoifungua boneti nyumbani tukakuta silinda sita za injini ya 1G-FE, yenye farasi 160. Ilikuwa AS200. Nambari 200 ilikuwa kweli kwa zote mbili, kwa kuwa zote ni lita 2.0, na herufi moja iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana, kwa nembo inayonunuliwa katika duka la urembo wa magari, ndiyo iliyomgharimu. Altezza ya AS200 ni gari zuri. Ila hakuwa amelipia hilo.

Kibati kisichodanganya

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya ununuzi ni kutafuta kibati cha gari, na hatua hiyo ifanyike kabla ya kuliwasha, kabla ya kujadili bei, na kabla ya moyo kulipenda. Kwa magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kibati hicho hukaa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango. Kimeandikwa modeli, injini pamoja na cc zake, na namba ya chesisi. Linganisha cc zilizoandikwa pale na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, simamisha mazungumzo mpaka upewe maelezo yanayoeleweka, kwa kuwa ama kadi ilijazwa vibaya au injini ilibadilishwa bila taarifa kuhuishwa, na yote mawili yatakusumbua siku ya kuhamisha umiliki.

Modeli ya Toyota ina lugha yake, nayo haichukui hata jioni moja kuizoea. Herufi za mwanzo hutaja ukoo wa injini, na inayofuata hutaja ukoo wa gari. GX110 ni Mark II yenye injini ya ukoo wa G, yaani 1G-FE. JZX110 ni Mark II ile ile yenye injini ya ukoo wa JZ. GRX130 ni Mark X yenye injini ya ukoo wa GR. Altezza ya mdogo wangu ilikuwa GXE10, na RS200 aliyoitaka ni SXE10; tungesoma herufi moja tu ya kwanza pale yadini, safari ya hasara isingekuwapo. Mbele ya herufi hizo huwa kuna nyingine mbili au tatu na kistari, kama DBA au DAA, ambazo zinahusu viwango vya moshi vya Japani. DAA ni ya kuangalia sana kwa sababu huwekwa kwenye magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na umeme, na mtu hapaswi kununua haibridi bila kujua, kwa kuwa betri yake ni gharama inayojitegemea.

Subaru ni rahisi kusoma, ila ina sehemu moja yenye giza. Kwa maumbo mengi ya kabla ya 2018, tarakimu au herufi ya mwisho ya modeli ndiyo inayotaja injini: 5 ni lita 2.0, 9 ni lita 2.5, E ni silinda sita za lita 3.0, na 4, kama katika Levorg ya VM4, ni lita 1.6 yenye turbo. Giza lipo kwenye ile 5, kwa sababu Forester ya SG5 au SH5 huweza kuwa na turbo au isiwe nayo. Hapo wengi huangalia kama boneti ina tundu la kuingizia hewa, na kwa maumbo hayo mawili dalili hiyo husaidia, ingawa boneti nayo hubadilishwa. Kwa Forester iliyofuata dalili hiyo haifai tena: SJG ina injini ya lita 2.0 yenye turbo, na boneti yake haina tundu lolote. Aliyezoea kutafuta tundu ataliacha gari lenye turbo na kwenda kununua lisilo nayo.

Kwa magari ya Ujerumani usihangaike na nembo. Chukua namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 na uiingize katika mojawapo ya programu za intaneti zinazosoma namba hizo. Utapata umbo, injini, tarehe ya kutengenezwa na mara nyingi hata rangi ya kwanza. Namba hiyo iwe imeandikwa na wewe mwenyewe kutoka kwenye gari, isiwe imetumwa kwa simu na muuzaji.

Neno kuhusu nembo za michezo. GR Yaris ni gari la nguvu la kweli, lenye silinda tatu, turbo na cc 1,618, na lilipotoka Japani mwaka 2020 lilikuwa na farasi 272. Maneno GR Sport kwenye Toyota nyingine, aghalabu, huhusu bampa, viti na springi, huku injini ikibaki ya kawaida. Hivyo hivyo kwa AMG Line na AMG za Mercedes, kwa M Sport na M3 za BMW, na kwa S line na RS za Audi: la kwanza ni urembo, la pili ni gari la nguvu. Mark X ya G's imeimarishwa bodi na springi zake, na injini yake ni ile ile ya Mark X. Sisemi magari hayo hayafai, kwa kuwa springi nzuri ni jambo la maana kwenye kona za kwenda Tukuyu, ila usilipie injini ambayo haimo.

Kwa nini injini ndogo, na kwa nini hewa yetu inabadilisha hesabu

Viwanda havikupunguza injini kwa kupenda. Umoja wa Ulaya uliweka wastani wa hewa ya ukaa ambao magari mapya ya kila kampuni yanapaswa kutovuka, gramu 130 kwa kilomita kufikia 2015, na kisha gramu 95 katika miaka ya 2020 na 2021, pamoja na faini kwa watakaovuka. Japani hutoza kodi ya kila mwaka ya gari kwa madaraja ya ukubwa wa injini. Injini ndogo huunguza mafuta machache gari linapokwenda taratibu, na turbo huipa nguvu za injini kubwa pale dereva anapozihitaji. Turbo ni feni mbili kwenye shimoni moja: moja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na nyingine hubana hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huweza kuunguzwa katika nafasi ile ile.

Hapo ndipo suala linapokuwa letu. Injini isiyo na turbo huvuta hewa jinsi inavyoikuta, na hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kanuni ya kukadiria ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo hupotea kama asilimia 17, na katika uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 hivi, hupotea robo nzima. Hasara hiyo haitibiki kwa plagi mpya wala kwa kusafisha nozeli, na naumia kuona watu wakitozwa fedha gereji kwa ugonjwa ambao ni mwinuko wa nchi tu.

Chukua Crown Athlete ya umbo la 210, gari linalopendwa sana na vijana wetu, uone maana yake. Ile ya GRS210 ina silinda sita, lita 2.5, bila turbo, farasi 203, na nguvu yake ya kuvuta ni Nm 243, ambayo hufikia kilele injini ikiwa imezunguka sana, kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Ile ya ARS210, iliyoanza mwishoni mwa 2015, ina silinda nne, cc 1,998, turbo, farasi 235 na Nm 350 zinazopatikana kuanzia mizunguko 1,650. Yadini Dar es Salaam tofauti yao ni farasi 32. Zikifika Mbeya, ya kwanza inabaki na kama farasi 168, wakati ya pili hupoteza kidogo tu, kwa sababu turbo yake inazunguka kwa kasi zaidi kufidia wepesi wa hewa. Pengo hukaribia kuwa mara mbili, na kwenye mlima, ambako kinachotakiwa ni kuvuta bila injini kupiga kelele, huonekana kubwa kuliko hapo. Nembo ya Athlete imo kwenye magari yote mawili. Alama ya kutazama ni T ndogo katika jina la daraja, kama Athlete S-T, na uthibitisho ni zile herufi za kibati, AR badala ya GR.

Hesabu hiyo inafanana kwenye magari mengine. BMW 318i ya umbo la E90, lita 2.0 bila turbo, ilikuwa na Nm 180. Ya F30 yenye silinda tatu na lita 1.5 ina Nm 220. Land Cruiser 200 ya dizeli, ile V8 tuliyozoea kuiona kwenye misafara, ina lita 4.5 na kwa aina nyingi Nm 650; ya 300, yenye silinda sita na lita 3.3, ina Nm 700. Mzee mmoja wa Mafinga aliniambia, “Mwanangu, gari lenye injini ndogo halina heshima.” Namheshimu, na ninamwelewa, kwa kuwa sauti na utulivu wa silinda nane havirudi kwa turbo yoyote. Kwa habari ya kupanda mlima, hata hivyo, ukubwa wa injini peke yake haumwambii mtu kitu tena.

Upo pia upande wa kodi. Ushuru wa bidhaa unaotozwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa gari linaloingizwa nchini hupanda injini inapovuka cc 1,000 na tena inapovuka cc 2,000, mbali na ushuru wa uchakavu unaofuata umri wa gari. Crown ya cc 1,998 iko chini ya mpaka wa pili, na ya lita 2.5 iko juu yake. Ingiza gari lako katika kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa popote, na uchague ukubwa wa injini uliosomwa kwenye kibati badala ya ule unaodhaniwa kutokana na jina.

Kulipima gari mlimani

Injini ndogo yenye turbo hufanya kazi kubwa kwa vipande vidogo, na kwenye nchi ya juu turbo yake hutumika zaidi kuliko ya gari kama hilo linaloishi pwani. Lililotunzwa vibaya halitavumilia. Kwa hiyo, ikiwezekana, nunua kwa muuzaji aliye huku juu, au mwombe wa Dar es Salaam akuruhusu uende na fundi wako na mashine ya kupimia, nawe ukubali kwamba hapo utakuwa hujaliona gari katika hali yake ya kesho.

Fika asubuhi na uombe gari lisiwashwe kabla yako. Shika boneti, ikiwa ya moto, mtu ameshaipasha injini ili kuficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Toa kijiti cha oili, utazame kiwango na rangi. Oili iliyo nyeusi na nzito katika injini ya turbo ni sababu ya kutosha ya kushusha bei au kuondoka, kwa kuwa shimoni ya turbo huelea juu ya oili hiyo hiyo kwa makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Nusa oili, ikinukia petroli, gari limekuwa likifanya safari fupi fupi bila kupata moto, jambo la kawaida kwa magari ya mjini Mbeya katika baridi ya Juni na Julai. Washa, kisha simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa buluu baada ya gari kusimama kwa dakika chache huku likiunguruma mara nyingi ni oili inayopenya kwenye turbo au kwenye vali. Tazama pia mabomba ya hewa yanayokwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa ya turbo. Pakiwa na oili nyingi iliyolowanisha maungio, uliza maswali.

Kisha mpande mlima, na mpande watu wanne. Kwa Mbeya naipendekeza barabara ya kutoka Uyole kwenda Isyonje, na kwa Iringa kipande cha kutoka Ipogolo kwenda mjini, ingawa hicho cha pili ni kifupi mno kumaliza uchunguzi. Anza kupanda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gia ikiwa ya juu kidogo, kisha kanyaga kwa utulivu. Injini nzuri ya turbo itasita kidogo sana, halafu itaanza kuvuta kwa mkono mmoja usiokatika. Ikivuta na kuachia, kuvuta na kuachia, hewa inavuja mahali au mfumo wa turbo unajilinda. Filimbi nyembamba ni ya kawaida. Mlio mkali kama wa king'ora unaopanda na kushuka pamoja na mafuta si wa kawaida. Sikiliza hasa kunoki, ule mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya kopo, unaotokea gari likiwa na mzigo. Injini isiyo na turbo hunoki kwa nadra kwenye mwinuko kwa sababu hewa ni nyepesi, na hilo huwafanya madereva wetu wasijali aina ya petroli. Turbo inarudisha mgandamizo wote, na kwa hiyo gari ambalo kibandiko cha ndani ya kifuniko cha tangi kinadai petroli ya daraja la juu litaidai Mbeya kama linavyoidai Japani.

Ukifika juu, usizime. Liache liungurume kwa dakika moja au mbili, ukitazama geji ya joto, kisha ufungue boneti uangalie kama maji yanavuja kwenye rejeta na mabomba yake. Fanya hivyo hivyo kila siku utakapolimiliki, hasa unaposimama Ilula baada ya kumaliza Kitonga, kwa sababu ukizima ghafla, oili husimama ndani ya turbo iliyo ya moto sana na kuungua pale pale. Oili ibadilishwe mapema, na mimi sivuki kilomita 5,000, kwa daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari.

Limebaki la kuteremka, nalo wanunuzi karibu wote hulisahau. Injini kubwa isiyo na turbo hulishika gari vizuri dereva anapoachia mafuta, kwa kuwa ujazo wake mkubwa huleta ukinzani. Injini ndogo hushika kidogo, na turbo haisaidii chochote kwenye mteremko, huku gari lenyewe, likiwa la haibridi, huenda likawa zito zaidi kuliko babu yake wa silinda nane. Kwa hiyo safari ya kulipima imalizike kwa kuteremka njia ile ile, gia zikiwa zimerudishwa chini kwa mkono, hata kwenye gari la otomatiki. Angalia kama giaboksi inatii na inabaki kwenye gia uliyochagua, na mwishoni usogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ikiwa baada ya mteremko mmoja wa Isyonje breki zinanuka na usukani unatetemeka, hesabu bei ya diski na pedi nne mpya kabla ya kutaja bei yako, kwa kuwa Iwambi na Mlima Nyoka zitakukuta wiki hiyo hiyo.